Hewa kwa Kipimo: Kuondoa Naitrojeni katika Majitaka

(Hotuba iliyosomwa katika bwalo la shule, mbele ya Umoja wa Wanafunzi wa Zamani, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano mkuu wa mwaka.)



Natoa shukrani kwa Kamati ya Umoja wetu kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nieleze kazi ninayoifanya, ili vijana wajue kwamba kemia na biolojia wanazofundishwa katika maabara ile ya ng'ambo ya uwanja zina matumizi. Kazi yangu ni kusafisha majitaka. Mwenyekiti amenipangia kusema mara tu baada ya pilau, na lawama ya hilo ni yake, si yangu. Lakini jambo lenyewe linatuhusu sisi sote, na alasiri hii tutalipigia kura.

Kama mjuavyo, ajenda ya nne inahusu mradi wa kujenga mtambo wa kusafisha majitaka ya shule. Makaro yaliyopo yalichimbwa wakati tulipokuwa wanafunzi mia mbili na ushee. Leo mabweni yana wanafunzi 800. Makaro yanafurika masika, na maji yake yanateremka kuelekea visima vya majirani zetu, na hatimaye yanaingia Ziwa Victoria. Kamati imeletewa pendekezo la mtambo wa kupuliza hewa mfululizo, usiku na mchana. Karatasi ya muuzaji inasema kwamba hewa ikiwa nyingi, maji huwa safi. Napenda kuwaonyesha kwamba maneno hayo ni nusu ya ukweli, na kwamba nusu iliyoachwa ndiyo itakayoamua kama fedha zetu zitafanya kazi au zitapotea.

NAITROJENI YETU NI KIASI GANI?

Watu wengi wakisikia majitaka hufikiria harufu na vijidudu vya maradhi. Hayo ni kweli. Lakini limo jambo la tatu lisiloonekana kwa macho wala kusikika kwa pua, nalo ni naitrojeni. Kila tunapokula maharage, dagaa au nyama, tunakula naitrojeni. Mwili huchukua kidogo, na iliyobaki hutoka, sehemu kubwa yake kwa njia ya mkojo.

Katika nchi ambazo watu hula nyama nyingi, mtu mmoja hutoa kiasi cha gramu 12 za naitrojeni kwa siku. Kwetu sisi ni pungufu. Tuseme gramu 8. Wanafunzi 800 mara gramu 8 ni kilo 6.4 kwa siku. Kwa siku 270 za masomo katika mwaka, tunapata zaidi ya kilo 1,700. Mfuko mmoja wa mbolea ya urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa hiyo shule yetu inamwaga mteremkoni, kila mwaka, kiasi kinacholingana na mifuko 75 ya urea.

Hapana shaka mkulima mmoja hapa ataniuliza, "Kama ni mbolea, kwa nini tuiondoe badala ya kuitumia?" Swali ni la haki. Jibu ni kwamba tutumie kiasi ambacho mimea yetu inaweza kula. Ekari moja ya mahindi yanayostawi vizuri huhitaji kiasi cha kilo 40 za naitrojeni. Kwa kilo 1,700 tungehitaji ekari zaidi ya 40. Bustani ya shule haifiki hata ekari mbili, na pande zote tumezungukwa na nyumba. Kinachozidi hakikai bustanini kikatusubiri; kinashuka na maji.

Kikishuka hufanya madhara ya namna mbili. Kwanza, visimani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 50 za naitreti kwa lita, ambazo ni sawa na miligramu 11 hivi za naitrojeni. Naitreti ikizidi huwadhuru hasa watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa ya unga kwa maji hayo, kwa sababu huiondolea damu yao uwezo wa kubeba oksijeni. Kuyachemsha maji hakusaidii. Naitreti hubaki palepale.

Pili, ziwani. Amonia huua samaki maji yanapokuwa na hali ya alkali, na naitrojeni pamoja na fosforasi hulisha mwani na magugu maji. Wenzangu wa rika langu wanakumbuka jinsi magugu maji yalivyofunga ghuba na gati za Ziwa Victoria katika miaka ya 1990. Sisemi kwamba shule yetu ndiyo inayochafua ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Mashamba, miji, mvua na hata mwani wenyewe huleta naitrojeni nyingi zaidi. Nasema kwamba ghuba ndogo iliyo chini yetu haijui hesabu ya ziwa zima. Inajua kile tunachoiletea.

HATUA MBILI ZISIZOPATANA

Sasa naomba vijana wa kidato cha tatu na cha nne wanisikilize kwa makini.

Naitrojeni inapofika mtamboni imekwisha kuwa amonia, kwa kuwa urea ya mkojo huvunjika haraka. Tunataka kuitoa majini na kuirudisha hewani. Hewa tunayoivuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, nayo haimdhuru mtu. Tukiifikisha huko tumemaliza kazi. Lakini haiendi kwa hatua moja. Huenda kwa hatua mbili, na kila hatua ina wafanyakazi wake.

Hatua ya kwanza hufanywa na bakteria wanaokula amonia. Hawa huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti. Hawawezi kazi hiyo bila oksijeni. Kila kilo moja ya naitrojeni huhitaji kilo 4.57 za oksijeni. Tena ni bakteria wenye mwendo wa kinyonga: hata katika hali njema huhitaji kama siku nzima kuzaana maradufu, ilhali bakteria wala uchafu wa kawaida huhitaji saa chache tu au hata chini ya hapo. Ndiyo maana tope la mtamboni, ambalo ndilo makazi yao, halitupwi ovyo. Mwenye kulitupa haraka huwatupa wafanyakazi kabla hawajazaana. Kwa bahati njema joto letu huwasaidia. Katika nchi za baridi huwachukua siku nyingi zaidi.

Hatua ya pili hufanywa na bakteria wengine, wale wala uchafu. Hawa hupenda oksijeni kama sisi. Lakini wakiikosa, na naitreti ikiwapo, huinyang'anya naitreti oksijeni yake na kuivuta hiyo badala ya hewa. Naitrojeni inayobaki huachwa huru, ikapanda juu kwa mapovu madogo na kwenda zake. Angalieni sharti lake: lazima waikose oksijeni. Ikiwapo hata nusu miligramu kwa lita, hawajisumbui na naitreti. Nani atakayekula makombo hali sinia imejaa mbele yake?

Hapo ndipo penye fumbo la kazi yetu. Hatua ya kwanza inataka hewa. Hatua ya pili inaikataa. Mtambo unaopuliza hewa saa 24 hukamilisha hatua ya kwanza na kuifungia mlango hatua ya pili. Maji yatakayotoka yatakuwa meupe na bila harufu, na mgeni wa heshima atapigwa nayo picha. Lakini amonia yetu itakuwa imebadili jina tu. Wanafunzi 800 wakitumia lita 80 kila mmoja, majitaka yetu yatakuwa na miligramu 100 za naitrojeni kwa lita. Ikigeuka naitreti yote, ni karibu mara tisa ya kipimo cha maji ya kunywa, nayo inateremka kuelekea visima vilevile.

HESABU YA TINDIKALI

Lipo jambo zito zaidi, nalo halikuandikwa katika karatasi ya muuzaji.

Bakteria wanaokula amonia hutoa tindikali. Maji ya kawaida yana akiba ya kuizimua tindikali, na wataalamu huipima akiba hiyo kana kwamba yote ni mawe ya chokaa yaliyoyeyushwa. Kila gramu moja ya naitrojeni inayogeuzwa kuwa naitreti hula gramu 7.14 za akiba hiyo. Kwa miligramu 100 tunahitaji miligramu 714 kwa lita. Urea inapovunjika hutuletea nusu yake, yaani miligramu 357. Nusu ya pili itoke wapi? Maji yetu ya bomba hutoka ziwani, na maji ya Ziwa Victoria ni laini. Akiba yake ni kama miligramu 50 tu.

Maana yake ni kwamba mtambo wa kupuliza hewa mfululizo utafanya kazi mpaka kati ya safari, kisha maji yatageuka makali. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 6.5 bakteria wa amonia hulegea, na kikikaribia 6 karibu watasimama. Basi mashine itaendelea kunguruma, uniti za LUKU zitaendelea kuteketea, na nusu ya amonia itatoka kama ilivyoingia. Mtu asiyejua ataongeza hewa. Hewa haitatibu, kwa sababu ugonjwa si upungufu wa hewa.

Dawa moja ni kununua chokaa na kuimimina kila siku. Dawa ya pili haina bei: zima hewa. Hatua ya pili, ile ya kuivuta naitreti, hurudisha majini gramu 3.57 za akiba kwa kila gramu ya naitrojeni, yaani nusu kamili ya kile kilicholiwa. Urea inaleta nusu, kuzima hewa kunarudisha nusu, na hesabu inafunga. Vijana, mkipenda iandikeni ubaoni mwone wenyewe.

Na faida haiishii hapo. Oksijeni iliyotumika katika hatua ya kwanza haikupotea. Imefungwa ndani ya naitreti. Bakteria wakiivuta, huila pamoja na uchafu ambao vinginevyo tungelazimika kuupulizia hewa. Kwa kila kilo 4.57 za oksijeni tulizolipia, tunaweza kurudishiwa hadi kilo 2.86. Kwa shule yetu hizo ni hadi kilo 18 za oksijeni kwa siku. Uniti moja ya umeme aghalabu huingiza majini kilo 1 hadi 2 za oksijeni. Kwa hiyo tunazungumza juu ya uniti 9 hadi 18 kila siku ya Mungu. Katika mitambo ya aina hii kupuliza hewa hula kama nusu ya umeme wote, na mara nyingi zaidi ya nusu. Anayeitawala hewa ameitawala bili.

WALIOTUTANGULIA

Maarifa haya hayakuja kwa siku moja. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha majitaka polepole katika bomba refu lililojazwa mchanga na chokaa. Kwa siku zipatazo 20 halikutokea lolote. Kisha amonia ikaanza kutoweka na naitreti ikatokea. Walipoingiza mvuke wa klorofomu kazi ikasimama. Wakajua kwamba wafanyakazi ni viumbe hai. Angalieni pia kwamba walitia chokaa. Tindikali ile ile tuliyoihesabu sasa hivi ilikuwa na dawa yake ndani ya bomba.

Mwaka 1914 Edward Ardern na William Lockett wa Manchester, Uingereza, walitangaza jambo ambalo bado linaendesha mitambo ya dunia nzima. Walipuliza hewa katika chombo cha majitaka mpaka amonia yote ikageuka, kazi iliyochukua kama wiki tano. Badala ya kulimwaga tope lililotuama chini, wakalibakiza na kutia majitaka mapya juu yake. Wakarudia hivyo mara nyingi, na kila mara muda ulipungua, hata badala ya wiki wakawa wanahesabu saa. Tope lile walilolibakiza ndilo tunaloliita tope hai.

Mwaka 1954 huko Voorschoten, Uholanzi, Pasveer alijenga mtaro wa duara kwa ajili ya watu mia chache tu, wenye brashi moja kubwa ya kuchapa maji na kuyazungusha. Brashi ilisimamishwa kwa zamu ili tope litue na maji yaliyo safi yatolewe juu. Wadogo zangu, jamii ile ilikuwa ndogo kuliko shule yetu. Baadaye, mwaka 1962, Wamarekani Ludzack na Ettinger walionyesha faida ya kuweka sehemu isiyo na hewa mwanzoni mwa mtambo, ili uchafu mpya uwe chakula cha bakteria wanaoivunja naitreti.

Na isidhaniwe kwamba elimu hii yote ni ya Ulaya na Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika mtambo wa majaribio wa Daspoort mjini Pretoria, Afrika Kusini, mhandisi James Barnard alipanga vyumba vyenye hewa na visivyo na hewa kwa zamu, akaondoa naitrojeni na fosforasi pamoja bila kutegemea dawa za kemikali. Mtindo wake uliitwa Bardenpho na umeenea duniani. Mwaka 2011 alipewa Tuzo ya Maji ya Lee Kuan Yew huko Singapore. Nchi yenye ukame, inayolazimika kuyatumia maji tena na tena, ndiyo iliyoyafundisha mataifa tajiri.

Hata leo safari inaendelea. Mwaka 2002 mjini Rotterdam ulianza kazi mtambo wa kwanza mkubwa unaotumia bakteria waliogunduliwa katika miaka ya 1990, ambao huiunganisha amonia na naitraiti moja kwa moja na kutoa naitrojeni ya hewa. Hao hufaa zaidi majitaka ya joto yenye amonia nyingi sana, na si pendekezo langu kwa shule. Nawataja ili vijana wasidhani kwamba kila kitu kimekwisha kugunduliwa.

NILICHOKIONA KAZINI

Nitawapa mfano mmoja. Nilipelekwa kusaidia katika mtambo ambao sitautaja jina. Malalamiko yalikuwa kwamba tope linaelea katika tangi la kutulizia, vipande kama mikate iliyovimba, na linatoka pamoja na maji. Msimamizi wa zamu, mzee mwenye bidii sana, alikuwa amepewa amri iliyobandikwa ukutani: tope likielea, ongeza hewa. Naye aliitii. Kadiri alivyoongeza, ndivyo lilivyozidi kuelea.

Tulichukua tope katika chupa ndefu ya kioo, tukaiacha juu ya meza. Lilituama vizuri. Baada ya muda likaanza kupanda, na tulipolikoroga mapovu madogo yakatoka, kisha likazama tena. Mzee alicheka, akasema, "Kumbe lina pumzi ndani." Ndivyo ilivyokuwa. Hewa nyingi ilikuwa imetengeneza naitreti nyingi, na naitreti ilikuwa inavunjika huko kwenye tangi la kutulizia, mahali pasipotakiwa, na mapovu ya naitrojeni yakalinyanyua tope. Tulianza kuzima hewa kwa zamu ndani ya tangi lenyewe la kazi. Siku chache baadaye tope lilituama, na amri ile ikabanduliwa ukutani. Nakumbuka mzee yule aliniuliza kwa nini hakuna aliyewahi kumweleza sababu katika miaka yote ile. Sikuwa na jibu la kumpa, na swali lake ndilo linalonifanya niseme kwa urefu leo.

TUFANYE NINI?

Ndugu Mwenyekiti, mimi siupingi mradi. Kama tungekuwa na ardhi ya kutosha ningependekeza mabwawa, au vitanda vya matete ambavyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimevifanyia utafiti kwa miaka mingi, kwa kuwa havidai umeme mwingi. Ardhi hatuna. Kwa hiyo mtambo wa hewa tuukubali, lakini kwa masharti manne, na naomba yaandikwe katika mkataba kabla ya sahihi.

Sharti la kwanza: hewa iwe ya kuwashwa na kuzimwa kwa saa maalumu, na wakati imezimwa iwepo mashine ndogo ya kukoroga polepole, ili tope lisilale chini. Kuzima hewa bila kukoroga ni kuwatenga bakteria na chakula chao.

Sharti la pili: majitaka mapya yaingizwe hasa wakati hewa imezimwa. Bakteria wanaoivunja naitreti wanahitaji chakula, na chakula chao ni uchafu huohuo. Maji ya jikoni, yenye uji na mabaki ya ugali, yanafaa sana yakiisha kuchujwa mafuta. Tusijenge tangi kubwa la awali la kuula uchafu wote mapema, maana tutawaachia naitreti na kuwanyima mboga yake.

Sharti la tatu: viwepo vipimo. Hewa ikiwashwa, oksijeni ifike miligramu 1 hadi 2 kwa lita. Zaidi ya hapo ni kuchoma umeme bure. Muda wa kuwasha na kuzima usiamuliwe na muuzaji aliye mbali, bali na maji yenyewe. Amonia ikipungua, zima. Naitreti ikiisha, washa. Hata kipimo cha pH cha maabara yetu kinaweza kutuonyesha: pH hushuka wakati amonia inaliwa, na mara inapokwisha huanza kupanda tena. Kijana wa kidato cha pili anaweza kuuchora mchoro huo na kuusoma. Kuzima ovyo pia kuna hasara. Kazi ikiachwa nusunusu hutoka gesi ya naitrasi oksidi, ambayo huipasha dunia joto zaidi ya mara 270 kuliko kiasi hichohicho cha kaboni dioksidi.

Sharti la nne, nalo kwangu ndilo kubwa: liwepo daftari, na awepo mwenye kuliandika. Napendekeza sehemu ya michango yetu isiende kwenye saruji wala kibao cha majina ya wafadhili, bali kwenye mshahara wa fundi mmoja wa kudumu na vifaa vya kupimia, na Klabu ya Sayansi ipewe zamu ya kupima mara mbili kwa wiki chini ya mwalimu wake, kwa glavu na usafi unaotakiwa. Naona baadhi yenu wanatazamana. Najua kibao huonekana na daftari halionekani. Lakini nimeiona mitambo mizuri iliyokufa kwa kukosa mtu wa kuandika tarakimu mbili kwa siku, na sijapata kuuona mtambo uliookolewa na kibao.

Nionye jambo moja. Maji yatakayotoka, hata naitrojeni ikiisha, bado yatakuwa na vijidudu vya maradhi. Yasinywewe, wala yasimwagiliwe mboga zinazoliwa mbichi. Na fosforasi itahitaji mpango wake, kwa maana upo mwani unaojitengenezea naitrojeni kutoka hewani, na huo huzuiwa kwa kupunguza fosforasi.

Wadogo zangu, mtu asiwadanganye kwamba kazi hii ni ya walioshindwa kazi nyingine. Inataka kemia, biolojia, hesabu na subira. Miji yetu inakua, na kila mji utahitaji watu wanaojua si kuwasha mashine tu, bali kuizima kwa wakati wake. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Mwenye kutaka hewa yote, muda wote, atakosa maji safi na atakosa fedha pia.

Ndugu wanachama, karatasi za kura zitagawiwa saa tisa. Mkiona hesabu yangu ina kasoro, nipo hapa mpaka jioni, na ubao upo. Mkiiona sawa, naomba mwupitishe mradi pamoja na masharti yake manne, na wa kwanza kuandikishwa katika orodha ya wachangiaji wa daftari niwe mimi.